Wa Kwanza Kwenye Orodha

Damu ilitoka jana jioni, kiasi cha kujaza kikombe cha chai, ikakoma yenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi shuka lenye doa lilikuwa bado kwenye ndoo chini ya kitanda, na daktari mpasuaji alilinyooshea kidole kabla hata ya salamu.

“Unaliona, afande? Hiyo ni barua. Yule dereva naye aliletewa barua kama hiyo Ijumaa. Tukasema tungoje Jumatatu. Jumapili mchana mshipa ukaachia, na kabla muuguzi hajafika kitandani, mtu ameshakwisha.”

Inspekta alifungua daftari lake dogo. Ilikuwa siku ya nne tangu kaka wa dereva aje kituoni, akaegemea kaunta kwa viganja viwili na kusema ndugu yake hakufa, aliuawa. Katika siku hizo Inspekta alikuwa amepata mtuhumiwa na kielelezo, na bado jalada lilikataa kufungika.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Wagonjwa watatu walikuwa na mguu usiopata damu kwa sababu mshipa mkuu wa paja umeziba. Kila mmoja alishonewa njia mpya ya kuivusha damu, kuanzia kwenye kinena hadi chini ya goti. Njia zote tatu zilioza. Dereva wa lori alikufa. Mwalimu mstaafu, mama wa watu, alikatwa mguu. Wa tatu ndiye huyu aliyelala mbele yao, fundi cherehani mwenye ndevu za mvi, na binti yake ameketi pembeni akimkanda vidole vya mkono.

“Shikamoo, mzee,” alisema Inspekta.

“Marahaba. Umekuja kunikamata? Sikimbii, kama unavyoona.”

Daktari alifunua bandeji. Kidonda cha kinena kilikuwa kimefumuka kama mshono wa gunia, na kwenye chachi kulikuwa na ukijani hafifu. Harufu yake haikuwa ya kuoza. Ilikuwa tamu, tamu ya matunda yaliyopitiliza kuiva, na ndiyo iliyomfanya Inspekta arudi nyuma nusu hatua.

“Leo nautoa mrija wa bandia niliomshonea,” alisema daktari. “Nautoa wote, sibakizi hata kipande. Naondoa nyama iliyokufa mpaka nifike pale panapotoa damu nyekundu. Kisha nachukua mshipa wake mwenyewe kutoka mguu wa kulia, naupitisha njia nyingine ndani zaidi, mbali na usaha. Mwisho nageuza msuli wa paja nauweka juu kama kifuniko. Baada ya hapo wiki sita za dawa.”

“Na huo mshipa ukioza nao?”

Daktari alimtupia binti jicho, akashusha sauti, ingawa wote walikuwa wanasikia. “Unaofaa ni mmoja tu. Nimempima kila mahali. Huo ukioza, sina cha kushonea. Nitakata hapa.” Alijigusa paja, karibu kabisa na nyonga. “Nikiwahi.”

“Mguu wa kushoto ndio wa pedali,” fundi alimwambia binti yake. “Wakiukata, uza cherehani kabla sijarudi nyumbani. Sitaki kuikuta inanitazama.”

“Baba, nyamaza.”

“Nimenyamaza. Nasema tu.”

Inspekta alimvuta daktari hadi dirishani. “Nipe siku mbili. Bado sijui hicho kijidudu kinatoka wapi. Ukimfungua leo kwenye chumba kile kile, unaweza kumtilia tena.”

“Sina siku mbili. Barua ya pili haimkuti mtu wa kuisoma. Mwenye usaha kwa kawaida namweka wa mwisho asiwachafulie wengine, lakini leo nimewafuta wengine wote. Chumba ni chake peke yake. Saa mbili kamili anaingia.”

“Wale watatu uliwaweka wa ngapi?”

“Wa kwanza. Kila ninayemshona mshipa anakuwa wa kwanza. Asubuhi ndipo chumba kinapokuwa kisafi kuliko wakati wowote.” Aliondoka akiwa bado anavua glavu.

Saa ya ukutani ilisema zimebaki saa moja na dakika arobaini na tano. Inspekta alichuchumaa kando ya binti.

“Dada, siku ile ya upasuaji wa kwanza, baba alikwambia nini alipotoka? Hata kama ni cha kijinga.”

“Alitania tu. Alidungwa sindano ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho. Alisema kulikuwa na joto. Jirani yake wa kitanda aliingia baada yake, siku ile ile, ugonjwa ule ule, mrija ule ule, akatoka meno yanagongana. Baba akamcheka.”

“Nilimwambia,” fundi alidakia, macho yamefumba, “wewe umeenda hospitali gani? Mimi nimeoshwa kwa maji ya vuguvugu mpaka tumboni, kama bwana harusi. Na mzee mmoja kanifunika mablanketi mawili.”

“Huyo jirani yuko wapi sasa?”

“Alipona,” alisema binti. “Siku ya nane alitembea mwenyewe mpaka getini.”

Inspekta aliandika: *jirani, wa pili, baridi, kapona.* Akapigia mstari neno moja, akatoka.

*

Nje ya chumba cha upasuaji kulikuwa na benchi refu la mbao, na kando yake mfuko mkubwa wa plastiki uliojaa takataka za jana zikingoja kuchukuliwa. Aliketi, akausogeza mfuko kwa kiatu, akafungua daftari la upasuaji alilolichukua kama kielelezo. Kwa siku tatu alikuwa amesoma safu moja tu ya daftari hilo, safu ya namba za mirija. Sababu ilikuwa wazi. Kwenye kabati la muuguzi wa upasuaji, chini ya kufuli, vilikutwa vipande kumi na vinne vya mirija. Kaka wa dereva alisema sista huyo anabadilisha mirija mizima kwa makombo. Uongozi ulimsimamisha kazi siku hiyo hiyo. Kila namba ilikuwa imelingana na boksi lake, na bado watu walisema namba hudanganya.

Leo alisoma mistari yote, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayejifunza kusoma.

Dereva: mrija wa bandia. Namba moja kwenye orodha ya siku.

Fundi: mrija wa bandia. Namba moja.

Mwalimu. Alirudia mara mbili. Palepale penye namba ya mrija palikuwa na mstari mfupi wa wino, na mbele yake maneno manne: *mshipa wa mgonjwa mwenyewe.* Namba moja.

Mwalimu hakuwekewa mrija hata chembe.

Alihesabu wengine walioshonwa mishipa miezi hiyo. Watano, wote namba mbili au tatu: wanne walisogezwa na dharura iliyowatangulia, na wa tano, yule jirani, aliingia baada ya fundi. Wote watano walikuwa wameshatoka, wazima.

Alimpigia simu mtu wa maabara. Simu iliita sana.

“Afande, mimi na vijidudu vyangu tulikuwa tumelala.”

“Niambie tena kuhusu huyu wa kijani.”

“Ni mmoja kwa wote watatu, pacha kabisa. Ni mtu wa majini. Utamkuta kwenye sinki, chombo cha maua, ndoo ya deki iliyosahauliwa. Mahali pakavu hana maisha. Na akishika kwenye mshono wa mshipa, anautafuna mpaka uachie.”

“Sinki za upasuaji ulizipima zote?”

“Sinki, mabomba, hata glasi anayowekea meno yake ya bandia mtu wa nusukaputi. Kote safi.”

“Basi kuna maji mengine ambayo hatujayaona. Vaa viatu, uje.”

“Chai je?”

“Utakunywa mchana.”

Alipoinuka aliugonga mfuko wa takataka, ukatoa mlio wa plastiki tupu. Ndani kulikuwa na chupa za maji ya chumvi, zile zinazotumika kuoshea vidonda. Nyingi zilikuwa na karatasi zao za maelezo, laini, zimenyooka. Saba au nane zilikuwa uchi. Aliziangalia kidogo, akaenda zake.

*

Sista alikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, nyuma ya jengo la kufulia. Sare yake nyeupe ilining'inia mlangoni, imepigwa pasi, ingawa hakuna aliyemruhusu kuivaa.

“Umekuja na pingu leo?”

“Nimekuja na swali.”

“La juzi bado linaniwasha. Uliniuliza nimeuza mirija mingapi.” Hakumkaribisha kiti.

“Vipande vile ulivihifadhi kwa ajili gani?”

“Nilikwambia ukaandika bila kusikia. Mrija unakuja mrefu. Daktari anakata anachotaka, kinachobaki kinatupwa. Lakini hapa kitu hakitupwi kikatulia. Nilishamkuta mtu anachemsha kipande ili kitumike tena. Nikasema, haya, nitaviweka mimi, chini ya kufuli, mpaka siku ya kuchoma. Kamba nikajifunga mwenyewe.”

“Nakuamini,” alisema Inspekta. “Mwalimu hakuwekewa mrija. Alishonewa mshipa wake.”

Sista alikaa kwenye ukingo wa kitanda. “Siku tatu mnanianika, na hilo lilikuwemo kwenye daftari?”

“Lilikuwemo. Nilisoma safu moja nikaacha nyingine. Kosa ni langu, na nitaliandika hivyo.” Alivuta kigoda bila kukaribishwa. “Sasa nionyeshe kwa mikono. Mrija umetoka kwenye pakiti yake. Nini kinaugusa?”

Sista alisita. Kisha mikono ikatangulia. Akachukua sahani, akaweka katikati ya meza.

“Hili ndilo bakuli. Nimeshavaa, siruhusiwi kugusa kitu cha nje. Mwenzangu anafungua chupa ya maji ya chumvi, ananimiminia humu. Mrija unakaa ndani ukilowa mpaka daktari auombe. Hata ukiwa mshipa wa mgonjwa, ni hivyo hivyo, maana ukikauka umeharibika. Maji hayo hayo ndiyo yanaosha kidonda.”

“Baridi?”

“Vuguvugu. Daktari hataki mgonjwa apoe, damu iliyopoa haigandi vizuri.”

“Yanapashwa wapi?”

“Kwenye kabati la joto, hapo nje ya mlango wa chumba.”

Kalamu ya Inspekta ilisimama. “Kabati la chuma, lina kioo?”

“Hilo hilo.”

“Siku ya kwanza nilipewa viatu vya plastiki nivae. Vilitolewa kwenye kabati hilo. Limejaa viatu, na waya wake umekatwa.”

“Haiwezekani.” Sista alikunja uso. “Liliharibika, sawa, miezi minne sasa. Tukateseka na maji ya baridi kama wiki moja. Halafu asubuhi moja chupa zikaja zina joto. Tukasema wamelitengeneza.”

“Nani alisema?”

Alifikiri, na kadiri alivyofikiri mikono yake ilitulia. “Hakuna aliyesema. Tulizishika, tukashukuru, tukaendelea na kazi.”

“Ni chupa zote za siku nzima?”

“Za mgonjwa wa kwanza tu. Za wa pili huwa baridi. Tulidhani kabati limezeeka, halina pumzi.”

Mgonjwa wa kwanza alipata joto. Jirani, wa pili, alitetemeka, na jirani ndiye aliyepona. Inspekta alifunga daftari.

“Nani anazileta hizo chupa asubuhi?”

Sista alitazama sare yake mlangoni. “Afande, mimi nimezoea kusemwa. Yule mzee usimguse.”

“Nani?”

“Babu Blanketi.”

*

Mhudumu wa chumba cha upasuaji alikuwa na miaka thelathini na moja kazini. Hakuna aliyepita mlango ule akiwa amelazwa bila yeye kumfunika, na ndiyo maana jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Saa moja na dakika ishirini Inspekta alimkuta kwenye stoo ya blanketi, taulo kavu begani, akifuta chupa moja moja na kuzipanga kwenye sinia.

“Karibu, mwanangu. Umeshavaa viatu vya ndani? Vizuri. Huku ukija na tope, sista ananisema mimi.”

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba. Uso wako umechoka. Hawakulishi huko kituoni?”

Inspekta alichukua chupa kwenye sinia. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu. Alipoibana kwa kidole gumba, karatasi ya maelezo iliteleza, ikakunjamana, ikamnatia mkononi. Chini yake plastiki ilikuwa uchi kama zile saba au nane za kwenye mfuko.

“Chupa hizi zimeoga wapi?”

Mzee alicheka, akafurahi kuulizwa. Alisogeza rundo la blanketi. Nyuma yake, juu ya meza fupi, palikuwa na sanduku la chuma lenye mfuniko, urefu wa mkono mzima.

“Huyu ni rika langu. Zamani ndiye aliyechemshia mikasi na koleo, kabla mitambo ya kisasa haijaja. Walitaka kumtupa, nikamwombea. Kabati lilipokufa nikamwambia, haya ndugu yangu, rudi kazini.”

Alifunua. Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ilikuwa tamu, ya matunda yaliyopitiliza kuiva. Maji yalikuwa vuguvugu, na pembeni, pale yanapogusana na chuma, kulikuwa na utelezi mwembamba uliong'aa.

“Unayaacha yachemke?”

“La. Yakichemka chupa zinapinda. Namweka moto wa chini kabisa. Jioni nalaza chupa nane, zinajaa ndani yake barabara, na asubuhi zinaamka na joto. Nane zinamtosha mgonjwa wa kwanza. Wa pili naye ningempa, lakini huyu mzee mwenzangu hana nafasi.”

“Unazilaza ubavu?”

“Zikisimama mfuniko haufungi.”

“Na maji unabadilisha lini?”

“Yakipungua naongeza. Maji safi, ya bomba.” Alianza kumtazama kwa makini. “Palikuwa na mama mmoja, mwembamba, baada ya kabati kufa. Alitetemeka mpaka meza ikawa inalia. Nikasema hilo halitatokea tena mbele yangu. Kuna ubaya?”

Inspekta aliigeuza ile chupa aliyoishika. Ilikuwa imefutwa kavu kabisa. Aliikamata shingo, akaweka kiganja chake cha kushoto chini yake, akafungua kifuniko polepole. Kabla chupa haijainama, kutoka chini ya ukingo wa kifuniko lilidondoka tone moja, likatua katikati ya kiganja.

“Hili halikuwa ndani ya chupa, Babu.”

“Nilifuta. Kila siku nafuta.”

“Nimeona. Lakini usiku kucha mdomo wake ulikuwa majini. Yaliyomo ndani ni masafi. Yanayotangulia kwenye bakuli ni haya.”

Mzee alitazama kiganja cha Inspekta, kisha sanduku, kisha kiganja tena. Taulo ilishuka begani, hakuiokota.

“Dereva alikuwa wa kwanza siku ile,” alisema.

“Ndiyo.”

“Na yule mwalimu.”

“Ndiyo, Babu.”

“Na fundi aliyejiita bwana harusi.” Alinyoosha mkono kuelekea swichi.

“Usiguse. Hiki sasa ni kielelezo. Kaa hapa, karibu na mlango.”

Alikaa.

*

Daktari alikuja na mikono imeinuliwa, tayari ameshanawa, na akasimama mlangoni pa stoo. Inspekta alifunua mfuniko. Hakuhitaji kueleza. Daktari alivuta hewa mara moja tu.

“Miezi minne nainusa hii kwenye vidonda,” alisema, “na mlango huu napita mbele yake kila siku.”

“Mbona wengine waliokuwa wa kwanza hawakuoza? Wa ngiri, wa utumbo?”

“Hao kidonda kinavimba kidogo, kinapona, mtu anasahau. Nyama hai ina askari wake. Mrija hauna. Mshono wa mshipa nao ni dhaifu, kijidudu kikipata pa kujificha pale, kimepata nyumba.” Aligeuka. “Vunjeni boksi jipya la maji ya chumvi. Kavu, lililofungwa, kutoka stoo kuu. Bakuli jipya, vifaa vipya. Alichogusa mtu asubuhi hii hapa ndani hakitumiki.”

“Yatakuwa baridi,” mtu wa nusukaputi alisema kutoka ndani ya chumba.

“Yawe.” Daktari alikuwa ameanza kunawa upya. “Na niitieni sista wangu.”

“Amesimamishwa kazi, daktari.”

“Basi aliyemsimamisha aje anishikie mkasi.”

Sista alifika kabla ya saa mbili kasorobo, sare imenyooka. Alipita mbele ya stoo, akamwona mzee, akasimama kidogo, akaingia kunawa. Saa mbili na dakika kumi fundi alisukumwa ndani. Babu Blanketi aliinuka kwa mazoea, blanketi mkononi. Inspekta alimshika kiwiko. Mlango ukafungwa.

Mtu wa maabara alichukua sampuli kwenye sanduku, chini ya vifuniko vitano na kwenye taulo. Kwa mara ya kwanza hakufanya utani. Inspekta alibandika utepe kwenye mlango wa stoo, akaandika saa, akatia saini, kisha akaenda kuketi na mzee kwenye benchi la nje. Binti wa fundi alikuwa amesimama kwenye dirisha la mwisho la korido, amewapa mgongo.

Maelezo yalichukua karibu saa nzima. Mzee alisema tarehe zote bila kusita. Inspekta alipomaliza alimsomea, na mzee akainua kidole.

“Hapo umeandika ‘kwa nia njema’. Sijasema hivyo.”

“Lakini ni kweli.”

“Ni kweli. Ila dereva hakufa kwa nia yangu. Alikufa kwa maji yangu. Andika maji.”

“Nimeandika yote mawili. Na nimeandika kwamba wafanyakazi kumi na mmoja walizishika chupa hizo kila asubuhi kwa miezi minne, na hakuna aliyeuliza zimepata wapi joto. Na kwamba kabati liliripotiwa bovu mara tatu. Hayo nayo yatasomwa.”

Mzee alitia saini herufi moja moja.

Saa saba na robo mlango ulifunguka. Daktari alitoka na chupa ya kioo yenye kifuniko, akamkabidhi Inspekta kama kielelezo. Ndani ulilala mrija mweupe wa mawimbi, na upande mmoja, pale uliposhonwa kinenani, ulikuwa umegeuka kijani.

“Zilikuwa zimebaki nyuzi mbili,” alisema. “Nyuzi mbili tu ndizo zilizoushikilia.” Kisha akamgeukia binti aliyekwisha fika mbio. “Mguu upo. Mapigo nimeyasikia kwenye kifundo, na kidole gumba kimeanza kupata joto. Siahidi zaidi ya hapo. Siku ya kumi ndiyo itakayosema.”

Binti aliegemea ukuta. Kisha akamtazama Inspekta.

“Umempata?”

“Uchunguzi bado unaendelea, dada. Maabara ikishajibu, familia zote tatu zitaelezwa pamoja.”

“Nimekuuliza umempata.”

Babu Blanketi aliinuka kwenye benchi. Ilimchukua muda, magoti yalikuwa yamekaza.

“Ni mimi, mwanangu. Maji yalikuwa yangu. Nilitaka wasipate baridi.”

Sista, aliyetoka nyuma ya daktari akiwa bado na kofia, alibaki ameshika mlango.

“Wewe ndiye uliyemfunika baba siku ile,” binti alisema. “Mablanketi mawili.”

“Ndiye.”

“Amekusifu wiki tatu nzima.”

Binti alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vya plastiki, na mkono wake ulifumba, ukafumbuka. Kisha alimwuliza daktari, bila kumwondolea mzee macho:

“Leo naye alisikia baridi?”

“Sana. Alitetemeka mpaka tukamshika mabega. Meno yaligongana muda wote.”

Binti alishusha pumzi.

“Afadhali,” alisema.